Mchoro wa utambuzi ni nini? Kazi ya Mark Catesby na ndege wa Pemba

Mchoro wa utambuzi ni mchoro wa kiumbe uliochorwa ili mtu ambaye hakuwapo aweze kusema kwa uhakika kiumbe huyo ni nani. Picha ya kupamba ukuta inaweza kumrefushia ndege mkia au kumzidishia wekundu, na mwenye nyumba akaridhika. Mchoro wa utambuzi hauna ruhusa hiyo. Kila mstari wake ni dai linaloweza kukaguliwa: mdomo umepinda kiasi hiki, vidole vimekaa hivi, jicho lina rangi hii, na mti huu ndio anaokula matunda yake.

Mmoja wa waliofungua njia hiyo ni Mwingereza Mark Catesby (1683–1749). Alikaa Virginia kuanzia 1712 hadi 1719, akarudi Amerika mwaka 1722, safari hii Carolina na kisha visiwa vya Bahama, na kufikia 1726 alikuwa London akiwa na michoro ya rangi ya maji ya ndege, samaki, nyoka na mimea ambayo wasomi wengi wa Ulaya hawakuwahi kuiona. Wachonga picha wa wakati ule walikuwa ghali mno kwake, kwa hiyo alifundishwa na mchoraji Joseph Goupy, akachora kwenye shaba kwa mkono wake mwenyewe. Kitabu chake kilitoka kwa sehemu kuanzia 1729, na kufikia 1747 kilikuwa na picha 220.

Kazi ya shaba inaeleza mengi kuhusu picha zenyewe. Bamba la shaba hupakwa nta, nta hukwaruzwa kwa sindano, kisha tindikali hula shaba pale palipokwaruzwa. Wino hujazwa kwenye mifereji hiyo, na karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake. Picha hutoka kinyume, kushoto ikiwa kulia. Kwa ndege haidhuru, maana pande zake mbili zinafanana. Kwa konokono ni kosa kubwa, kwa sababu mzunguko wa gamba unageuka. Wachongaji waliofunzwa walitia kivuli kwa mistari inayopishana. Catesby aliiacha mbinu hiyo kwa makusudi, akafuatisha mistari na ulalo wa manyoya. Uamuzi huo peke yake unatosha kumheshimu, kwa kuwa ulalo wa manyoya ni habari, na mistari ya kupishana huifuta. Rangi zilitiwa kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine. Hivyo nakala mbili za picha ileile zinaweza kutofautiana, na si busara kuamua rangi halisi ya ndege kwa nakala moja.

Jambo la pili alilofanya ni kuchora kiumbe angali mbichi. Alieleza kwamba mimea aliichora mara tu ilipochumwa, na ndege karibu wote wakiwa hai. Kwa samaki alitumia njia ambayo mvuvi yeyote wa Wete ataielewa papo hapo: rangi ya samaki hukimbia akishatolewa majini, basi alikuwa akiletewa samaki wengine wa aina ileile kila wa kwanza alipopauka, hadi mchoro ukamilike.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, alimweka ndege pamoja na mmea wake. Njiwa wa makundi wa Amerika alimchora na tawi la mwaloni, mti ambao kokwa zake zilikuwa chakula chake. Kasuku wa Carolina alimweka kwenye msaipresi wa kinamasi. Ndege hao wawili hawapo tena duniani; wa mwisho wanaojulikana walikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati, njiwa mwaka 1914 na kasuku mwaka 1918. Anayetaka kujua waliishi na mimea gani bado ana pa kuanzia.

Urithi wake umeingia hadi kwenye majina. Msomi wa Uswidi Carl Linnaeus alipotoa mwaka 1758 orodha ambayo majina ya kitaalamu ya wanyama yanahesabiwa kuanzia hapo, ndege wengi wa Amerika aliwapa majina kwa kutegemea michoro na maelezo ya Catesby. Lakini hapa pana kanuni ambayo watu wengi huikosea. Jina likitolewa kwa kutegemea picha, kielelezo rasmi cha jina hilo si picha, bali ni ndege yule aliyechorwa, hata kama mwili wake umeshapotea. Picha ni shahidi, na ushahidi wake una thamani kadiri mchoraji alivyokuwa mkweli.

Catesby naye alikosea, na makosa yake yana faida kwa mwanafunzi. Karibu mara zote alichora dume tu. Korongo wake mwekundu wa Bahama, yaani heroe, amesimama mbele ya kitu kinachoonekana kama mti usio na majani. Kumbe ni aina ya matumbawe ya baharini. Atakayesoma picha hiyo bila maelezo atadhani heroe huishi penye miti ya namna ile. Tena vipimo vyake havikuwa vya mfumo mmoja, kwa hiyo kiumbe kikubwa na kidogo huweza kukaa kwenye ukurasa mmoja bila uwiano. Karibu karne moja baadaye mchoraji wa ndege wa Amerika, John James Audubon, alijaribu kulitibu tatizo hilo kwa kuchora kila ndege kwa ukubwa wake halisi, picha 435, kwenye karatasi za takriban sentimita 66 kwa 99. Hata hivyo heroe hakutosha, ikabidi ainamishwe shingo.

Sasa tuje kwetu. Pemba ina spishi nne za ndege wasiopatikana kwingine kokote duniani: chozi wa Pemba, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1905; ndege mwingine mdogo, wa manjano, mwenye duara jeupe jichoni, mwaka 1924; bundi mdogo wa Pemba, mwaka 1937; na ninga wa Pemba, mwaka 1940. Wote ni walimu wazuri wa kumfundisha mtu mchoro wa utambuzi, kwa sababu kila mmoja ana mtego wake. Hapa nitataja ya watatu.

Mtego wa ninga ni kunakili. Ninga wa bara ana kijani hadi kifuani, na picha zake zimejaa vitabuni na kwenye simu. Wa Pemba ana kichwa na kifua cha kijivu, mgongo wa kijani na doa la zambarau begani. Mchoraji anayetazama picha ya bara ili "kukumbuka" atampaka kijani kifuani, na mchoro wake hapo hapo umekuwa wa spishi nyingine.

Mtego wa chozi ni mng'aro. Rangi ya kichwa na kifua cha dume haitokani na rangi iliyomo kwenye unyoya tu, bali na namna unyoya ulivyojengwa kwa tabaka nyembamba zinazorudisha mwanga. Ndege akigeuka kidogo, kijani kinakuwa zambarau au cheusi. Ukimchora kwa rangi moja umechora nukta moja ya wakati. Njia inayofaa ni kupaka kwanza rangi nyeusi iliyoelekea bluu, kisha kuongeza mng'aro kwenye ncha za manyoya yaliyo upande wa mwanga tu, na kuandika pembeni mwanga ulitoka wapi. Jike halina mng'aro huo, na lazima naye achorwe. Hilo ndilo pengo aliloliacha Catesby.

Bundi ana maumbile mawili ya rangi, wengine wa hudhurungi iliyopauka na wengine wekundu wa kutu. Mchoro mmoja hautoshi. Na kwa kuwa huonekana usiku, tochi yenye mwanga wa manjano humzidishia wekundu, wakati taa ya simu huakisiwa na jicho na kuficha kwamba ni la manjano.

Kwa Unguja mfano bora ni ndege aitwaye shorobo. Akitulia tawini unamwona kijani na buluu; wekundu wa manyoya marefu ya bawa, unaotokana na rangi yenye shaba ndani yake, hufichika. Mchoro usioonyesha bawa lililofunguliwa umeacha nusu ya habari.

Kuchora kwenyewe huanza na vipimo, si na jicho wala manyoya. Kumkamata ndege kunahitaji kibali, na asiye nacho asijaribu. Anayefanya kazi kwa darubini hupima kwa uwiano: mdomo unaingia mara ngapi kwenye kichwa, kichwa kinaingia mara ngapi kwenye mwili, mkia unazidi ncha ya bawa kwa kiasi gani. Aliyeokota ndege aliyekufa avae glavu na apime kwa milimita mdomo, mkia, sehemu ya mguu iliyo wazi juu ya vidole, na bawa kutoka kwenye kifundo cha mbele, pale linapopinda, hadi ncha ya unyoya mrefu. Aandike kama bawa lililazwa kwenye rula au liliachwa na mpindo wake, kwa sababu kulilaza huongeza milimita kadhaa. Rangi ya jicho, miguu na ngozi iliyo wazi iandikwe kwanza kabla ya yote. Hizo hubadilika mapema baada ya kufa, wakati manyoya husubiri.

Miguu ndiyo inayowaumbua wachoraji wengi. Chozi ana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Kigogota ana viwili mbele na viwili nyuma. Bundi na shorobo huweza kukigeuza kidole cha nje. Mkia wa ndege wengi wadogo una manyoya 12, jozi sita, na ukichora saba upande mmoja mtaalamu ataacha kukuamini hata pale uliposema kweli.

Ukubwa halisi ni bora pale unapowezekana. Chozi wa takriban sentimita 10 anakaa vizuri kwenye karatasi ya A4. Ninga anataka A3. Kuandika "nusu ya ukubwa" hakusaidii siku hizi, kwa kuwa mchoro ukipigwa picha kwa simu kipimo hicho kinakufa. Chora chini yake mstari wa sentimita 2 na uandike "sm 2". Mstari utakua na kupungua pamoja na ndege.

Ndani ya msitu wa Ngezi, huko Pemba, mwanga hupita kwenye majani kabla ya kufika kwa ndege, na kifua cheupe huonekana cha kijani. Usiipake rangi hiyo. Subiri atoke ukingoni mwa msitu au kwenye mikarafuu, asubuhi, jua likiwa bado liko chini. Jua la mchana hula rangi na kuacha vivuli vyeusi.

Pembeni ya mchoro andika tarehe, mahali, saa, hali ya mwanga, dume au jike kama umehakikisha, mmea aliokuwa juu yake, na kama ulimwona hai, akiwa amekufa, au kwenye picha. Andika pia nani alikuonyesha, akikubali jina lake litajwe. Catesby mwenyewe alieleza kwamba Mhindi Mwekundu aliyemwajiri ndiye aliyembebea sanduku la karatasi, rangi na mimea iliyokaushwa, lakini jina lake hatulijui. Majina ya kitaalamu ya ndege wanne wa Pemba yanabeba jina la kisiwa na la ofisa mmoja wa kikoloni, Vaughan. La Mpemba halimo hata moja. Mkulima wa Konde anayejua bundi analala kwenye mkarafuu upi ametoa nusu ya kazi, na mahali pake ni kwenye karatasi.

Tumia karatasi ya rangi ya maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba; nyepesi zaidi hujikunja. Wakati wa masika rangi huchelewa kukauka na kuingiliana, kwa hiyo acha kila tabaka likauke kabisa kabla ya jingine. Michoro isifungwe kwenye mfuko wa plastiki ingali na unyevu, maana ukungu huanza ndani bila kuonekana. Itenganishe kwa karatasi safi, iweke kwenye sanduku pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, mbali na jua, na uifungue kila baada ya wiki chache kuikagua.