Maswali na majibu: kupima madhara ya sumukuvu kwenye DNA

Sumukuvu huifikiaje DNA?
Aflatoksini B1, sumukuvu inayotengenezwa na kuvu wa mahindi na karanga, haiidhuru DNA ikiwa kama ilivyoliwa. Ini ndilo huigeuza: vimeng'enya huiongezea oksijeni, nayo hung'ang'ania guanini, moja ya herufi nne za DNA. Guanini nyingi zilizonaswa huchomoka na kutoka na mkojo. Nyingine hufunguka pete (duara la atomi zake) na kubaki kwenye ini muda mrefu.

Kwa nini spektromita ya masi?
Mashine hii hutambua molekuli kwa uzito wake, na kinachotafutwa ni kidogo mno. Seli moja ina takriban herufi bilioni 12. Ikinaswa moja katika kila milioni 100, hizo ni 120 tu. Mashine huchagua ioni (molekuli yenye chaji) ya uzito wa 480 (guanini pamoja na aflatoksini), huivunja kwa gesi, kisha husubiri kipande cha 152, ambacho ni guanini yenyewe. Vipimo vya kingamwili (protini zinazonasa molekuli maalumu) peke yake huweza kudanganywa na molekuli zinazofanana.

Mkojo huandaliwaje?
Hugandishwa mapema na kukingwa na mwanga. Siku ya kupima huyeyushwa, huzungushwa kwenye sentrifuji, kisha huongezwa kiwango kinachojulikana cha molekuli ileile yenye naitrojeni nzito tano, ya kulinganishia; hiyo husomeka 485 kwenda 157. Baadaye hupitishwa kwenye safu (mrija wa kuchujia) yenye kingamwili za aflatoksini, huoshwa, hutolewa kwa kiyeyushi, hukaushwa kiasi na kuingizwa mashineni. Jibu hugawanywa kwa kreatinini (taka ya misuli inayotoka na mkojo), maana aliyekunywa maji mengi ana mkojo mwepesi.

Hukosewa wapi hasa?
Kwenye ile molekuli nzito. Ikiongezwa baada ya safu, kilichopotea njiani hakionekani tena, na jibu hutoka dogo huku karatasi ikionekana safi. Ikiwa na mabaki ya molekuli nyepesi, hata maji matupu yatasoma "chanya". Ndiyo maana sampuli tupu hupimwa katika kila mzunguko, tena mara tu baada ya sampuli kali, kuona kama mashine imebeba masalia. Chumvi za mkojo nazo huzima ishara ya ioni. Zikizima nyepesi na nzito kwa pamoja, uwiano haubadiliki, na huo ndio msingi wa kuuamini mtambo huu. Alkali ni adui mwingine: hufungua pete ya guanini, uzito ukawa 498, na anayetazama 480 pekee haoni kitu.

Mkojo au damu?
Mkojo husimulia siku moja au mbili zilizopita. Aliyekula unga mbovu wiki jana anaweza kuonekana msafi leo. Kwa miezi miwili mitatu, pima aflatoksini iliyojishika kwenye laisini, kijenzi cha albumini, ambayo ni protini ya damu (457 kwenda 394). Hiyo si DNA, lakini huzaliwa na sumu ileile iliyogeuzwa na ini. Katika mlipuko wa Kenya wa 2004, uliougusa Makueni na Kitui na kuua watu 125, wagonjwa walikuwa na aflatoksini-albumini nyingi kuliko wenzao wazima.

Kipimo kikiwa juu, nina saratani?
Hapana. Kinaonyesha sumu imeliwa na imegeuzwa na ini. Pima homa ya ini B, kwani vikikutana hatari ya saratani ya ini huongezeka mara nyingi. Badilisha unga pia: moto wa kusonga ugali hauimalizi aflatoksini. Kikomo cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 5 za B1 kwa kilo.