Nani Ameweka Swichi Hii?

Kuna mteja niliyemtengenezea kifurushi cha .deb, yaani faili la kusakinisha programu kwenye Linux ya Debian, kwenye laptopu yangu mpya. Nikakijaribu, kikakubali, nikakipeleka kwenye seva yake. Seva yenyewe ilikuwa kuukuu, ya vizazi kadhaa nyuma. Programu ilizimika papo hapo, haikufika hata kuandika mstari mmoja kwenye logi. Mfumo ulisema tu kwamba prosesa imepewa amri isiyoitambua. Nikajenga upya, ikazimika tena. Nikapekua debian/rules, faili lenye maelekezo ya kujenga kifurushi, mstari kwa mstari, sikuona kitu. Nikaanza kuisingizia seva ya watu.

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Ndani ya folda yangu ya nyumbani, kwenye faili la ~/.config/dpkg/buildflags.conf, kulikuwa na mstari mmoja nilioutia mwenyewe miezi mingi nyuma, siku niliyokuwa nacheza na kasi ya programu fulani nikasahau:

APPEND CFLAGS -march=native

Swichi hiyo inaiambia kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa, itumie kila amri ambayo prosesa ya mashine hii inaijua. Laptopu yangu inajua AVX2, kundi la amri za prosesa mpya mpya. Seva ya mteja haijui. Kifurushi kilikuwa kizima kabisa, ila kilishonwa kwa vipimo vya mtu mwingine.

Kilichonichoma si kosa lenyewe. Ni kwamba nilikuwa nimeandika nyaraka za mradi ule, tena ndefu, zenye jedwali la kila kigeu cha mazingira, yaani jina lenye thamani ambalo programu hulisoma kutoka kwenye mfumo, na maana yake. Pale kwenye CFLAGS niliandika: "swichi za kompaila ya C." Kweli tupu, na haina faida yoyote. Mtu anayefungua nyaraka usiku, kazi imemkwamia, hatafuti tafsiri ya jina. Anataka kujua swichi hii ameiweka nani, na walipoiweka wawili, nani anashinda.

Kwenye Debian swali hilo lina jibu, na nimekuja kuliheshimu sana. Chombo kinachokusanya swichi ni dpkg-buildflags, na ukurasa wake wa mwongozo unataja ngazi tano kwa mpangilio. Kwanza ni chaguo-msingi la mfumo wenyewe, kwa kawaida -g -O2 pamoja na swichi za ulinzi. Kisha faili la mashine nzima, /etc/dpkg/buildflags.conf. Kisha lile la mtumiaji, ambalo ndilo lililoniumbua. Kisha vigeu vya mazingira kama DEB_CFLAGS_APPEND. Mwisho kabisa ni vile vyenye neno MAINT, kwa mfano DEB_CFLAGS_MAINT_APPEND, ambavyo mtunza kifurushi anaviweka ndani ya debian/rules. Mtunza amepewa neno la mwisho kwa sababu yeye ndiye anayejua kifurushi chake kinavumilia nini na kinakataa nini.

Tazama pia vitenzi vyake. Viko vinne: SET, STRIP, APPEND, PREPEND. Yaani weka upya, ondoa, ongeza mwishoni, ongeza mwanzoni. Jina la kigeu limebeba tendo lake, kwa hiyo nusu ya nyaraka imo ndani ya jina. Natamani kila mradi ungefanya hivyo.

Sasa linganisha na CFLAGS yenyewe, bila DEB mbele. Tangu kiwango cha 9 cha debhelper, mkusanyiko wa zana za kujengea vifurushi vya Debian, zana zake huweka swichi za dpkg-buildflags, isipokuwa kama kigeu tayari kina thamani. Soma tena hapo kwenye "isipokuwa". Mtu akiwa na export CFLAGS="-O3" ndani ya .bashrc yake, faili linalosomwa kila anapofungua terminali, anadhani ameongeza kasi kidogo juu ya yaliyopo. Hakuongeza, amefuta. Swichi zilizokuwa mahali pale zimeondoka zote, na -fstack-protector-strong, inayozuia aina fulani za mashambulizi ya kumbukumbu, imeondoka nazo bila kuaga. Kifurushi kinajengeka vizuri, majaribio yanapita, na hakuna anayejua. Ndiyo maana siku hizi, kwa kila kigeu ninachokiandikia, kitu cha kwanza ni kitenzi: kinaongeza au kinafuta?

La pili ninaloandika ni kama kigeu kinabadilisha kitu kinachotoka au safari ya kukifikia tu. DEB_BUILD_OPTIONS="parallel=4" inaruhusu kazi nne kwenda kwa pamoja; ikienda sawa, kifurushi ni kilekile, umeokoa muda tu. Noopt (jenga bila kuboresha kasi) na nostrip (usiondoe taarifa za kutafutia makosa) ni habari nyingine, maana zinagusa faili litakalosakinishwa kwa mtu. Aina hizi mbili hazifai kukaa kwenye jedwali moja kana kwamba ni ndugu.

Halafu kuna nocheck, ambayo imewachanganya watu wengi nikiwemo mimi. Ukiiweka kwenye DEB_BUILD_OPTIONS, majaribio hayaendeshwi, lakini maktaba zinazohitajika kwa majaribio bado zitadaiwa. Ukitaka zisidaiwe, unaiweka kwenye DEB_BUILD_PROFILES, na hapo unatakiwa kuiweka kote kuwili. Neno moja, vigeu viwili, kazi mbili. Sentensi mbili za maelezo zingeniokolea mchana mzima.

Jambo dogo, lakini limeshanila: kitupu si sawa na kisichowekwa, na sifuri si lazima iwe hapana. Skripti ikiuliza [ -n "$FULANI" ], basi FULANI=0 inahesabika kuwa ndiyo, kwa sababu sifuri ni herufi na herufi ipo. Nyaraka ikisema tu "washa kwa kuweka 1", msomaji atadhani 0 inazima. Andika kabisa: weka chochote kuwasha, tumia unset kuzima. Au bora zaidi, rekebisha skripti.

Hata hivyo, nyaraka nzuri kuliko zote ni ile inayojiandika yenyewe siku ya kazi. Amri ya dpkg-buildflags --status inachapisha kila swichi pamoja na asili yake. Siku ile nilipoiendesha hatimaye, pembeni mwa CFLAGS kulikuwa na neno user, na hapo jasho likanitoka. Ukurasa wa mwongozo wenyewe unashauri iitwe ndani ya debian/rules ili logi ya ujenzi ibaki na ushahidi. Nilikuwa nimeusoma ushauri huo zamani nikaupita.

Debian pia hutoa faili la .buildinfo kila inapojenga, lenye sehemu ya Environment inayoorodhesha vigeu vinavyoweza kuathiri matokeo. Haimwagi kila kitu. Ina orodha ya vinavyoruhusiwa tu. Hekima hiyo ni ya kuigwa, maana nimeona skripti za ujenzi zinazoanza na env tupu, amri inayochapisha vigeu vyote, "ili tujue hali ya mashine", na nywila ya hifadhidata ikaishia kwenye logi ambayo ofisi nzima inaisoma.

Ndani ya .buildinfo utakutana pia na SOURCE_DATE_EPOCH, namba ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, inayochukuliwa kutoka ingizo jipya kabisa la debian/changelog, faili la historia ya mabadiliko. Kazi yake ni kuzuia saa ya mashine yako isiingie ndani ya kifurushi, ili watu wawili wakijenga siku tofauti wapate kitu kilekile.

Vifurushi vya wateja sasa navijenga kwa sbuild, zana inayojenga ndani ya mazingira safi yaliyotengwa, ambayo haioni folda yangu ya nyumbani. Lile faili la buildflags.conf sikulifuta. Nimeliachia onyo tu, lenye alama ya reli (#) mwanzoni mwa kila mstari ili dpkg ilipuuze: "Usiweke kitu hapa. Ukitaka kujaribu, tumia DEB_CFLAGS_APPEND kwenye amri yenyewe." Chini yake kuna tarehe ya siku ile ya seva, na jina langu.