Kijiji kiko chini, theluji iko juu: kupanga wiki ya skii Samoëns

Septemba moja alinipigia simu mzee kutoka Muscat, Mzanzibari wa asili, sauti yake bado ina Darajani ndani yake. Baada ya shikamoo na marahaba, na kuulizana hali za nyumbani mpaka za paka, akasema: "Mwanangu, nina wajukuu wanne. Nataka waione theluji, wajifunze kuteleza. Na kijiji nataka kiwe kijiji kweli, nisilipe pesa yangu kwenda kutazama maghorofa." Nikamuuliza anafikiria wiki gani. Wiki hakuijali. Alichojali ni nyumba, na alikwisha kuiona mtandaoni: ya mbao, ina meko, ina kibaraza.

Karibu wateja wangu wote huanza na nyumba, nami karibu wote huwarudisha nyuma. Naishi Haute-Savoie, mashariki ya Ufaransa, na kazi yangu ni kupangia safari za milimani familia za Waswahili zilizotapakaa London, Nairobi, Dar, Brussels na Ghuba. Ninachowaambia ni kwamba kijiji cha kale cha milima ya Alps kiko bondeni. Babu wa wenyeji walijenga palipo na mto, nyasi za ng'ombe na jua la kutosha. Theluji waliiona adha. Kwa hiyo ukichagua uzuri wa kijiji, umechagua pia kulala chini na kuifuata theluji juu kila asubuhi. Mpango wote wa safari, kuanzia tarehe mpaka buti, unatokana na hilo.

Mzee nilimpeleka Samoëns, na mfano wake utatutosha. Ni kijiji cha bonde la mto Giffre, kwenye kama mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari. Katikati kuna uwanja wenye mti mkubwa ambao Wafaransa huuita tilleul, uliopandwa mwaka 1438 na bado unatoa majani. Nyumba ni za mawe kwa sababu hapa palikuwa kwa waashi: wachonga mawe wa Samoëns walianzisha chama chao mwaka 1659, walikwenda kujenga mbali na kurudi, na walikuwa na lugha yao ya siri, mourmé, ili tajiri asiwaelewe wanapopatana bei. (Fundi ni fundi popote.) Juu ya uwanja kuna bustani ya La Jaÿsinia, iliyofunguliwa 1906 kwa fedha za Marie-Louise Cognacq-Jaÿ, binti wa kijiji hiki aliyekwenda Paris akaja kuwa mwenye duka kubwa la La Samaritaine pamoja na mumewe. Jumatano asubuhi kuna gulio.

Sasa upande wa pili wa mlima huohuo kuna Flaine, kwenye mita 1,600, iliyochorwa na msanifu Marcel Breuer na kufunguliwa 1969. Ni zege tupu. Theluji iko mlangoni, unavaa mbao za skii ukitoka nje. Wapo wanaoipenda, nami siku hizi naanza kuielewa. Lakini Flaine na Samoëns zimo katika eneo moja la skii, Grand Massif, lenye njia za kilomita 265, pamoja na Morillon, Les Carroz na Sixt. Unaweza kulala chini ya mti wa 1438 na kula chakula cha mchana kwenye zege la Breuer.

Kiungo ni gari la kebo, Grand Massif Express, linalokupandisha kutoka pembeni ya kijiji hadi Samoëns 1600 kwa dakika nane. Katika dakika hizo nane hali ya hewa hubadilika. Hesabu yangu ya mkono ni kwamba joto hushuka nyuzi sita hivi kwa kila mita elfu. Kijijini kukiwa na nyuzi 3 na mvua nyepesi, juu ni kama nyuzi 2 chini ya sifuri, na mvua ileile inaanguka theluji. Nimepokea simu nyingi za saa moja asubuhi: "Dada, hapa ni matope, umetudanganya." Huwa najibu, panda kwanza. Januari mambo hugeuka kichwa chini, baridi hutuama bondeni na ukungu wake, na juu ni jua kali na anga la samawati. Mteremko wa upande huu umeelekea kaskazini, kwa hiyo theluji hukaa muda mrefu. Ila usimwahidi mtoto mtu wa theluji mbele ya nyumba, maana kwa mita 700 hiyo ni bahati.

Turudi kwenye wiki. Ufaransa imegawa shule zake katika kanda tatu, A, B na C, na kila kanda ina wiki mbili za likizo ya majira ya baridi, zikipishana kuanzia Februari hadi mwanzo wa Machi. Paris iko kanda C. Lyon na Grenoble ziko A. Zikikutana wiki za Paris na likizo ya katikati ya muhula ya Waingereza, bei ya nyumba hupaa, foleni ya kebo huanza kabla hujamaliza chai, na watoto wako huwekwa kwenye darasa lililojaa. Fungua kalenda ya wizara ya elimu ya Ufaransa kabla ya kufungua tovuti ya nyumba. Mimi napenda wiki za Januari baada ya Mwaka Mpya, pindi Wafaransa wamerudi kazini: bei zimeshuka, njia ni tupu, baridi ni ya kweli. Kwa familia za Kenya na Tanzania kuna upenyo mwembamba kati ya Mwaka Mpya na shule kufunguliwa, na upenyo huo ni dhahabu. Machi ya katikati nayo ni nzuri kwa wanaochukia baridi, ila theluji ya alasiri huwa uji, nawe unacheza asubuhi tu. Krismasi sipendekezi kwa kijiji cha chini. Ni mapema mno kutegemea theluji, na ni ghali mno kwa kubahatisha.

Mzee tulimpangia wiki ya pili ya Januari. Nyumba ya meko ikawa nusu ya bei aliyoiona.

Viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, inaweza kuombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na ada kwa mtu mzima ni yuro 90. Inaombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Wengi wetu hutua Geneva, ambayo ni Uswisi, lakini Uswisi nayo imo Schengen, kwa hiyo viza ya Ufaransa inatosha. Wenye pasipoti zetu wanaoishi Uingereza wakumbuke kwamba kibali cha kuishi huko hakiondoi viza ya huku. Halafu kuna jambo la bima ambalo watu hulisoma harakaharaka. Sharti la viza ni bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Wakala anakuuzia, ubalozi unaridhika, nawe unaamini umekingwa. Nyingi za bima hizo hazihesabu skii, na nchini Ufaransa kuokolewa kwenye njia za skii hulipiwa na aliyeokolewa. Machela ya kukushusha ina ankara yake, helikopta usiseme. Soma maandishi madogo, au nunua bima ya siku inayouzwa pamoja na pasi ya kebo. Ni yuro chache na mimi mwenyewe huinunua.

Nyumba sasa. Swali la kuuliza ni moja: kutoka mlangoni hadi kwenye kebo nafikaje, nikiwa na mtoto wa miaka mitano, buti ngumu kama ndoo na mbao begani? Msimu wangu wa kwanza niliwakodia watu nyumba iliyoandikwa "dakika tano kutoka kwenye kebo". Zilikuwa dakika tano za gari, nao hawakuwa na gari. Tangu hapo naomba ramani, nahesabu mita, na naangalia kituo cha basi la bure la wateleza skii kiko wapi. Nyumba nyingi hukodishwa Jumamosi kwa Jumamosi, ndiyo maana Jumamosi za Februari barabara ya A40 hugeuka mnada wa magari. Ukipata mwenye nyumba anayekubali Jumapili, mshike.

Kutoka uwanja wa ndege wa Geneva ni saa moja na kidogo kwa gari njia ikiwa wazi: unatoka barabara kuu Cluses, kisha unapanda kupitia Taninges. Ukikodi gari, uliza kuhusu matairi ya baridi au minyororo, kwa sababu kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi sheria inavidai kwenye mitaa mingi ya milimani. Wasio na gari hushika treni hadi Cluses, kisha basi.

Na buti. Hapa naomba msomaji anivumilie, maana nimeona likizo nyingi zikiharibiwa na buti kuliko na hali ya hewa. Sisi watu wa pwani tunaogopa baridi ya miguu, kwa hiyo tunavaa soksi mbili, tatu, na tunaomba buti kubwa "ili zipumue". Mimi nilifanya hivyo, nikashuka mlimani siku ya kwanza nikilia, kucha mbili nyeusi. Soksi ni jozi moja, nyembamba, ndefu hadi chini ya goti, na ndani ya buti usiingize ncha ya suruali wala ya tracksuti. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti kama unayetaka kukaa kwenye kigoda, vidole virudi nyuma na kisigino kibaki pale pale. Kisigino kikinyanyuka, omba saizi ndogo. Soksi ikijikunja damu haipiti, na hapo ndipo baridi inapoingia. Fanya jaribio hilo dukani jioni ya kufika, usingoje asubuhi ya foleni, na usione haya kurudi kubadilisha mara tatu. Ni haki ya mkodi.

Kina dada, msuke kabla ya safari, na msuke twende kilioni ya kulala kabisa. Rasta nene zilizofungwa juu haziingii kwenye helmeti, na bila helmeti sikuruhusu. Hijabu nyembamba ya kuvutwa inakaa vizuri chini yake. Mafuta ya kukinga jua ni kwa ngozi zote. Theluji ni kioo, na nimeona midomo ya watu wa Mombasa ikipasuka kwa siku mbili.

Watoto waandikishe darasa mapema. Shule kongwe ni ESF (shule ya skii ya Kifaransa), tangu 1945, na watoto hupanda ngazi kwa beji: Ourson, Flocon, kisha nyota ya kwanza hadi ya tatu. Omba kundi la Kiingereza ikiwa Kifaransa hakipandi. Wanaoanza hawahitaji pasi ya kilomita zote 265. Chukua ndogo, uongeze baadaye. Njia zina rangi: kijani, buluu, nyekundu, nyeusi, na anayeanza abaki kwenye kijani mpaka aweze kusimama anapotaka yeye, mlima usimchagulie. Ukifika kwenye buluu kwa uhakika na theluji ikiwa nyingi, zawadi yako ni Cascades, njia ya kilomita 14 kutoka juu ya Flaine, karibu mita 2,500, hadi Sixt bondeni, msituni, mbali na kebo zote. Uliza kwanza kama imefunguliwa.

Chakula cha Savoie ni jibini, viazi na jibini. Waislamu wajue kwamba fondue, jibini lililoyeyushwa la kuchovya mkate, hupikwa kwa divai nyeupe, na tartiflette, viazi vya kuokwa na jibini, ina vipande vya nguruwe. Raclette ndiyo salama yetu, jibini la kuyeyusha juu ya viazi, ukisema mapema sahani ya nyama isiletwe. Mimi nashauri nyumba yenye jiko, na mfuko wa pilau masala kwenye sanduku.

Yule mzee hakuvaa mbao. Tulimkatia pasi ya watembea kwa miguu, akapanda na wajukuu siku ya pili asubuhi. Bonde lote lilikuwa limefunikwa na ukungu mweupe, vilele vimechomoza kama visiwa. Akasimama kwenye ukuta wa mkahawa, mikono nyuma, akauliza hiyo bahari inaitwaje. Nikamwambia, hayo ni mawingu, mzee, kijiji chetu kiko chini yake. Akatazama kwa muda. Kisha akaniuliza kebo ya mwisho ya kushuka ni saa ngapi, nikafurahi kweli, maana ni swali ambalo vijana hawaulizi. Saa ya mwisho imebandikwa mlangoni pa kituo na hubadilika msimu unavyosonga. Ukiikosa na bado hujui kuteleza, barabara ya magari ipo, na teksi ya jioni hiyo itakugharimu kuliko chakula cha usiku cha watu wanne.