Kupamba samani za mtumba: yanayosemwa na yaliyo kweli

Meza ya mtumba ina bahati mbaya moja: kila anayeiona ana ushauri. Muuzaji atakwambia "hii ukiigusa kidogo tu inarudi mpya". Jirani atasema uipake nyeupe. Simu nayo itakuonyesha dada wa Uingereza akifungua kopo la rangi na kumaliza kabati zima kabla chai yake haijapoa. Mengi ya hayo si uongo mtupu. Ni nusu ya habari, na ile nusu iliyoachwa ndiyo inayofanya rangi ibambuke baada ya mwezi.

Dhana inayozaa nyingine zote ni kwamba pambo ndiyo kazi yenyewe. Pambo huja mwishoni, na ni sehemu nyepesi. Kazi nzito ni kujua kitu ulichonunua kimetengenezwa kwa nini. Vuta droo moja, igeuze. Kama ubao wa mbele na wa ubavuni vimeumana kama vidole vya mikono miwili, umepata kazi ya fundi aliyetulia. Kama vimeshikwa kwa pini na gundi tu, jua ni mali ya kiwandani ya bei nafuu. Angalia na ukingo: mistari ya mti ikipanda juu ya ukingo na kuendelea upande wa pili, hiyo ni mbao. Ikikatika na chini yake zikaonekana chenga zilizogandamizwa, hiyo ni chipbodi iliyovalishwa viniya, yaani ngozi nyembamba ya mbao halisi, au karatasi yenye picha ya mbao.

Vyote vinapambika, ila kila kimoja kwa masharti yake. Viniya mara nyingi haifiki hata milimita moja kwa unene, na mashine ya msasa huitoboa kufumba na kufumbua. Chipbodi ikinyonya maji huvimba, na ikishavimba hairudi. Na ukikuta ni mninga au mvule wa zamani wenye mistari yake yote, mimi sioni kwa nini uuzike chini ya rangi. Safisha, paka nta, acha. Nenda Keko, Dar es Salaam, kwa mafundi wa samani, uulize bei ya kitanda kipya cha mninga, halafu urudi nyumbani uangalie ule mninga mkavu uliotaka kuupaka krimu.

"Rangi ya chaki haihitaji msasa wala prima," yaani koti la kwanza la kushikisha rangi. Sentensi hii imesafiri kuliko rangi yenyewe. Rangi hiyo aliianzisha Annie Sloan wa Oxford, Uingereza, mwaka 1990, na jina lake la Kiingereza, Chalk Paint, ni alama ya biashara yake. Ni kweli inashika mbao kuliko rangi ya maji ya kawaida ya ukutani, kwa sababu ya ule unga mwingi unaoifanya iwe nzito na isiyong'aa. Lakini haishiki mafuta. Chukua ubao wa kichwani wa kitanda cha mtumba. Katikati, pale mtu alipoegemea miaka yote, pana doa la mafuta ya nywele ambalo hulioni mpaka upanguse kwa kitambaa cheupe chenye spiriti, kitambaa kikatoka na rangi ya chai. Usipolisafisha, rangi itabambuka palepale, kwa umbo la kichwa cha mwenyewe. Meza iliyopigwa polishi ya kupuliza yenye silikoni ni hivyohivyo: rangi inajikunyata na kuacha vishimo vya mviringo. Kwa hiyo osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, suuza, subiri ikauke kabisa, kisha pitisha msasa laini, namba 180 au 220, kiasi cha kuua mng'aro tu.

Halafu kuna mbao nyekundu. Mkangazi na jamaa zake zina tanini, kemikali ya asili ya mti yenye kutia rangi, na maji yaliyomo kwenye rangi huiyeyusha na kuivuta juu. Jioni umeacha kabati jeupe pee, asubuhi unakuta madoa ya manjano au ya waridi. Unaongeza koti la pili, yanarudi. La tatu, yanarudi. Hapo usilaumu rangi, unahitaji kizuizi, na kizuizi cha tangu zamani ni shelaki: utomvu wa mdudu mdogo aitwaye Kerria lacca, anayepatikana zaidi India na Thailand. Shelaki huyeyushwa kwa spiriti, haiyeyushwi kwa maji, ndiyo maana haiamshi tanini. Makoti mawili membamba, kisha rangi yako.

Wengine huamini lazima wanunue kopo la nje kwa bei ya meza yenyewe. Si lazima. Plasta ya Parisi, ile inayotumiwa na mafundi wa jipsamu, sehemu moja. Maji sehemu moja. Rangi ya maji sehemu tatu. Koroga plasta na maji kwanza mpaka mabonge yaishe, ndipo umimine kwenye rangi. Changanya ya kutumia muda huohuo tu, maana plasta huganda, na ikishaganda kwenye kopo umetupa kopo zima.

Sasa kuzeesha, yaani kukifanya kitu kilichopakwa leo kionekane kimekaa nyumbani kwa bibi. Watu wengi huchukua msasa na kukwangua popote mkono unapofika, matokeo yake ni kabati linaloonekana limeugua upele. Uchakavu wa kweli una anwani. Huwa kwenye kingo, kuzunguka kishikio cha droo, mbele ya mikono ya kiti, na kwenye ule ubao wa chini ambao watu huweka miguu. Kiti hakichakai katikati ya mgongo kwa nyuma. Nani alipashika hapo? Njia rahisi ni mshumaa. Paka rangi ya kwanza, tuseme kahawia iliyoiva, iache ikauke. Sugua mshumaa kwenye zile sehemu ambazo mkono ungepita, kisha paka rangi ya juu, tuseme bahari iliyopauka. Ikikauka, kwangua kidogo kwa kisu butu: penye nta rangi haikushika, itatoka vipande visivyo na mpangilio, na ya chini itachungulia. Ukimaliza ondoa mabaki ya nta kwa tambara, la sivyo vanishi nayo haitashika.

Nyufa zile za rangi kuukuu hazihitaji dawa maalumu. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Unaipaka juu ya rangi ya kwanza iliyokauka, unaisubiri mpaka inate kidoleni bila kuchafua kidole, kisha unapitisha rangi ya maji kwa mkono mmoja bila kurudia. Rangi ya juu hukauka na kusinyaa wakati gundi chini bado laini, ikapasuka. Gundi nene hutoa nyufa pana, nyembamba hutoa nyufa ndogo. Ukirudisha brashi mara ya pili unaikoroga tu. Pwani, msimu wa masika, subira yake ni ndefu zaidi.

Dekupaji, yaani kupamba kwa picha za karatasi zilizokatwa na kubandikwa, ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. "Si kubandika makaratasi tu, kazi ya chekechea?" Basi mafundi wa Venisi wa karne ya 18 walikuwa chekechea. Wakati huo matajiri wa Ulaya walikuwa wanagombania makabati yaliyopakwa laka, ile vanishi nzito inayong'aa, kutoka China na Japani, na bei yake haikushikika. Mafundi wa Italia wakapata njia ya mkato: wakakata picha zilizochapwa kwenye karatasi, wakazitia rangi, wakazibandika kwenye mbao, wakapaka vanishi koti juu ya koti mpaka ukingo wa karatasi ukazama usionekane. Wachapaji wa familia ya Remondini, mji wa Bassano, walichapa karatasi kwa ajili ya kukatwa. Kazi hiyo ilikuja kuitwa laka ya maskini, na leo imo kwenye makumbusho. Na kama ni umri unaokuzuia, Mary Delany wa Uingereza alianza maua yake ya karatasi zilizokatwa akiwa na miaka 72, akatengeneza karibu 1,000. Yake hayakuwa ya samani, lakini ufundi wa mkasi ni uleule, na yako British Museum mpaka leo.

Wengi hukwama kwenye wino. "Picha yoyote iliyochapwa inafaa." Haifai. Printa nyingi za nyumbani hutumia wino wa maji, na gundi ikigusa tu, uso wa bibi harusi unatiririka mpaka kidevuni. Picha iliyotolewa kwenye mashine ya fotokopi pale steshenari ni unga uliogandishwa kwa joto, haiyeyuki. Hujui imetoka mashine gani? Lowesha kidole, gusa kona. Ikichafuka, ipulizie vanishi kwanza, pande zote mbili, ikauke, ndipo uikate. Gazeti nalo lina tabia yake: karatasi yake hugeuka manjano yenyewe kwa miaka. Wengine huitaka hiyo manjano, basi sawa. Leso za karatasi zenye maua zina tabaka mbili au tatu. Ondoa zile nyeupe, bandika ile yenye picha peke yake, vinginevyo itajikunja na kuvimba.

Mimi napenda kutumia kanga. Kanga iliyochanika upande mmoja bado ina pindo zima, na pindo hilo likizungushwa kwenye kigoda au ukingo wa trei ya mbao hakuna karatasi ya Ulaya itakayoshindana nalo. Ifue kwanza itoke dawa ya kiwandani inayoikakamaza, ipige pasi, paka gundi iliyoongezwa maji kidogo kwenye mbao, laza kitambaa, sukuma hewa kutoka katikati kwenda nje kwa kipande cha plastiki. Paka gundi tena juu. Angalia tu usikate jina la kanga katikati: trei ya wageni yenye nusu ya methali inaweza kusema usichokusudia.

Na sahani? Ukibandika picha kwenye sahani, bandika kwa nyuma ya sahani ya kioo, au iwe ya ukutani. Gundi na vanishi za kawaida si za kulia chakula, hata muuza duka akiapa.

Nikihamia kwenye shaba, hapo huwa nagombana na watu. Sanduku la Zanzibar, lile lenye misumari ya shaba na droo chini, lina dhana mbili zinazolizunguka. Ya kwanza ni kwamba yote yalitengenezwa Zanzibar. Mengi ya zamani yaliletwa kwa majahazi kutoka India, Surat na Bombay zikiwemo, na mengine yalitengenezwa huku. Leo yanatengenezwa mapya na kuzeeshwa, hivyo uzee wa sura si cheti. Beba sumaku: ikinasa kwenye pambo, hiyo si shaba tupu, ni chuma kilichovalishwa. Dhana ya pili ni kwamba shaba lazima ing'ae, na watu hushika ndimu na chumvi. Ndimu itang'arisha kweli, ila asidi yake na chumvi ikibaki nyuma ya msumari huendelea kula shaba na kuacha doa kwenye mbao. Rangi ile ya kahawia iliyotulia juu ya shaba imechukua miaka mingi kujengeka, na mnunuzi anayejua hulipia hiyo. Mimi nisingeigusa. Kitambaa kikavu kinatosha.

Matundu madogo kwenye mbao huwatia watu hofu kuliko inavyostahili, au chini ya inavyostahili. Tundu ni mlango wa kutokea wa bungua. Huenda aliondoka miaka mingi iliyopita. Laza kitambaa cheusi chini ya kitu hicho wiki kadhaa bila kukisogeza. Ukikuta unga mpya, mweupe mweupe, wamo. Rangi haiwaui, funza huendelea kula ndani na wadudu hutoboa koti lako wakitoka. Na oili chafu ya gari, anayoipendekeza kila fundi wa mtaani, itaacha mbao inayokataa rangi na kunukisha nguo zako zote kabatini. Nunua dawa ya wadudu wa mbao, paka kabla ya kitu kingine chochote.

Lililobaki ni la hatari, na watu hulipita haraka. Rangi kuukuu inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani ilizuia rangi za nyumbani zenye risasi mwaka 1978, na sehemu kubwa ya dunia ilichelewa zaidi. Kwa hiyo kitu chochote cha zamani chenye rangi nzito usikipige msasa mkavu ndani ya nyumba, hasa penye watoto. Lowesha, tumia msasa wa maji, vaa barakoa nzuri, kusanya uchafu wote kwenye mfuko. Kitanda cha mtoto kama hicho mimi nisingekinunua kabisa.

Na matambara. Ukitumia mafuta ya kitani kulisha mbao, lile tambara usilifinyange ulitupe kwenye ndoo ya taka. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa hulifungia joto hilo ndani mpaka linawaka lenyewe, bila kiberiti wala jua. Litandaze nje kwenye kamba, tambara moja moja, mpaka likakamae, au lizamishe kwenye kopo la bati lenye maji na ulifunike.