Kwa nini mashine ya polishi hufuta mikwaruzo midogo ya gari, na kwa nini mara nyingine hurudi baada ya wiki mbili?

Tazama boneti ya gari jeusi saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Pale jua linapojiakisi kwenye rangi utaona nyuzi nyembamba zimelizunguka kama utando wa buibui. Sogea hatua moja kushoto, na utando nao unasogea. Hakuna aliyechora miduara pale. Mikwaruzo imelala kila upande, lakini jicho linapata mng'ao wa ile tu iliyokaa mkingamo na mwanga, ndiyo maana inaonekana kama imejipanga duara. Tako la sufuria lililosuguliwa kwa stilwaya linafanya hivyo hivyo.

Gari la kisasa limevikwa matabaka. Juu ya bati kuna praima ya kuzuia kutu, halafu praima ya kusawazisha, halafu rangi yenyewe, na juu kabisa klia, tabaka angavu lisilo na rangi linaloleta mng'ao. Kwa gari lenye rangi ya kiwandani, yote kwa pamoja huwa kati ya maikroni 100 na 150 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na klia peke yake huwa 40 hadi 50 hivi. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Yaani kinga yote ya rangi ya gari ni nyembamba kuliko unywele, na utando ule wa buibui umo ndani ya maikroni chache tu za juu.

Mashine haizibi mkwaruzo, na hapo ndipo wengi hukosea. Dawa ya polishi ni chembe ngumu ndogo sana, nyingi zikiwa za oksidi ya alumini, zilizochanganywa na vilainishi. Sponji ikizunguka, chembe hizo hukwangua klia iliyo pembeni mwa mkwaruzo mpaka uso wote ushuke kufikia usawa wa chini ya mkwaruzo. Kingo zilizokuwa zikitawanya mwanga hazipo tena. Polishi nyepesi hula maikroni 1 hadi 3, na dawa nzito ya kukata hula zaidi. Klia iliyoondoka haioti tena.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha mashine, pima mkwaruzo. Pitisha ukucha juu yake taratibu: ukikwama, ni mkubwa mno kwa polishi, na kuufukuzia mpaka mwisho ni kumaliza klia ya eneo lile. Kisha mwagia maji. Ukipotea ukiwa umelowa, uko kwenye klia. Ukibaki mweupe au wa kijivu, umefika praima au bati, na hiyo ni kazi ya fundi rangi.

Kifaa cha kupima unene wa rangi kinasaidia sana kwa magari yaliyotumika. Kikisoma zaidi ya maikroni 200, huenda sehemu ile ilishapigwa rangi upya, na zaidi sana ya hapo pengine kuna puti ya kuziba mibonyeo chini. Kikisoma chini ya 80, iache. Bampa za plastiki vifaa vingi havizipimi, na plastiki hushika joto kuliko bati, kwa hiyo pale mkono uwe mwepesi.

Osha gari kwa shampuu, likaushe, kisha vaa mfuko laini wa nailoni mkononi na upapase boneti. Ukisikia vichangachanga, pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi ukiwa umelainishwa kwa maji ya sabuni. Chembe moja ya mchanga ikibaki chini ya sponji itachora mikwaruzo mipya kwa kasi ya mashine. Bandika maskingitepu kwenye raba, plastiki nyeusi na kingo kali za bodi, kwa sababu kwenye kingo rangi huwa nyembamba zaidi na ndiko joto linakojikusanya.

Kwa asiye mzoefu, mashine salama ni ya DA (dual action, yaani mwendo wa aina mbili), ambayo sponji yake inazunguka huku ikiyumba, hivyo joto halikai mahali pamoja. Rotari huzunguka tu: inakata haraka, lakini ikitulia sekunde chache kwenye ukingo inaweza kuichoma rangi, na ikiwa na pedi ya manyoya mkononi mwa asiyeijua huacha mawimbi yanayoonekana juani. Grainda ya kukatia vyuma iliyofungwa sponji isiguse gari kabisa. Ndogo ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, wakati rotari ya polishi hufanya kazi kati ya 600 na 2,000.

Fanya kazi kivulini, bati likiwa baridi, maana juani dawa hukauka kabla haijakata. Anza na sehemu ya majaribio ya sentimita 50 kwa 50, kwa sponji laini na dawa nyepesi. Hiyo isipotosheleza, ndipo uhamie kwenye nzito zaidi. Tone la dawa ukubwa wa punje ya kunde, manne yanatosha. Yapake mashine ikiwa kwenye namba 1 ya mwendo, kisha panda hadi wa 4 au 5 na upitishe mashine kwa mlalo na kwa wima, mapito 4 hadi 6, kila pito likifunika nusu ya lililotangulia, sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Chora mstari wa makapeni kwenye ukingo wa sahani ya DA, ile inayoshika sponji. Mstari usipozunguka, umekandamiza sana au umeinamisha sponji, na mashine inatetemeka tu bila kukata. Baada ya kila sehemu, sugua sponji kwa brashi. Ikijaa masalia ya klia na dawa iliyokauka, inaanza kukwaruza yenyewe. Na kama inageuka rangi ya gari, basi pale hakuna klia: unakula rangi yenyewe.

Sasa lile la kurudi. Dawa nyingi zina mafuta, na nyingine zina vijazio vinavyolala ndani ya mkwaruzo na kuuficha. Gari linatoka linameremeta, linaoshwa mara mbili tatu, na utando uko palepale. Mwenye gari anadhani polishi imeisha nguvu, kumbe mikwaruzo haikuondolewa. Namna ya kujua ni rahisi: ukimaliza sehemu, pulizia spiriti ya isopropili iliyozimuliwa kwa maji, asilimia 10 hadi 20, futa kwa taulo safi ya mikrofaiba, kisha mulika kwa tochi kutoka pembeni. Unachokiona hapo ndicho ulichokifanya kweli. Mteja ana haki ya kuomba kipimo hiki kabla ya kulipa.

Usitafute kufuta kila mstari. Klia ina viambato vinavyozuia miale ya jua, na ikikonda mno, miaka michache baadaye boneti na paa hubabuka magamba meupe, na hapo hakuna polishi ya kuokoa. Mkwaruzo mmoja uliobaki ni nafuu kuliko uharibifu huo.

Rangi iliyotoka kwenye polishi iko uchi, kwa hiyo pakaa nta au kinga nyingine siku hiyohiyo. Kisha ondoa kitambaa kikavu kinachokaa kwenye buti kwa ajili ya kufuta vumbi la asubuhi. Vumbi la barabarani lina mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia. Limwagie maji kwanza litiririke, ndipo uguse, ukiwa na ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia sponji.