Trekta la Umeme kwenye Theluji: Betri, Minyororo na Saa ya Kuanza Kazi

Mimi ni fundi umeme hapa Minnesota, Marekani, na kila majira ya baridi yanapoingia majirani huniuliza kama trekta dogo la bustani la umeme linaweza kweli kusafisha theluji kwenye njia ya gari, kutoka barabarani hadi mlangoni mwa gereji. Linaweza, ila matokeo hutegemea saa uliyoanza kazi kuliko ukubwa wa mota.

Trekta langu ni Elec-Trak, lililoundwa na General Electric kati ya mwaka 1969 na katikati ya miaka ya 1970. Lina betri sita za risasi na asidi, kila moja ya volti 6, zilizounganishwa kwa mfululizo hadi kufikia volti 36. Uzito wa betri hizo ni kero wakati wa kukata nyasi, lakini kwenye theluji ndio unaoyafanya matairi yashike ardhi, hasa nikishayafunga minyororo ya nyuma. Isitoshe, mota yake hutoa nguvu kubwa zaidi ya kuzungusha magurudumu inapokwenda polepole, yaani pale hasa bamba la mbele, mfano wa lile la katapila, linapogota kwenye tuta zito ambalo magari ya kusafisha barabara huliacha mdomoni mwa njia yako.

Tatizo ni baridi. Ikifika nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, betri za risasi hutoa takriban nusu tu ya umeme wake wa kawaida, kwa hiyo mimi huzilaza gerejini zikiwa kwenye chaji. Betri iliyoishiwa chaji huwa na hatari zaidi, kwani asidi yake huwa imekaribia kuwa maji, ikaganda na kupasua kasha. Nilipoteza moja hivyo, kwa uzembe wangu mwenyewe. Wenye betri za lithiamu wasizichaji zikiwa chini ya nyuzi sifuri, maana lithiamu hujipaka juu ya elektrodi, yaani ncha iliyo ndani ya betri, badala ya kupenya ndani yake, na madhara hayo hayarekebishiki.

Sasa barafu. Mita moja ya ujazo ya theluji mpya mara nyingi haifiki kilo 100, ilhali ya barafu ina kilo 917. Gari likipita mara moja tu, matairi huishindilia theluji ikagandamana na zege, na bamba huteleza juu yake bila kukwangua chochote. Ndiyo sababu hutoka alfajiri, kabla gari lolote halijawashwa, hata kama theluji ingali inaanguka, kisha nikarudia baadaye. Nikichelewa, humwaga chumvi na kuisubiri ilegeze barafu kwanza. Baridi ikizidi nyuzi 10 hivi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida huwa karibu haina kazi, nami hutumia kalisi kloridi, chumvi ya aina nyingine. Zote mbili hula shaba, kwa hiyo nikimaliza hupangusa nyaya na vichwa vya betri, kisha huvipaka grisi kabla ya kurudisha chaji.