Mteremko wa Usambara kwa rangi: anayekusumbua ni kijani

Mpe anayeanza kuchora picha ya milima ya Usambara, na mkono wake utakimbilia tyubu ya kijani. Mlima kijani, miti kijani, shamba kijani. Ukitazama hujui kipi kiko mbali na kipi kiko karibu. Darasani kwangu tyubu hiyo haifunguliwi. Kijani tunachanganya wenyewe.

Nazungumzia akriliki, rangi ya kuchanganywa na maji, maana hukauka upesi na ukikosea unapaka juu yake. Karatasi nene, brashi bapa pana na nyingine ndogo ya duara, basi.

Anza na mbingu, kisha shuka. Simama Irente, pale karibu na Lushoto, utazame kule nyikani: vilima vya mbali kabisa havina kijani hata chembe. Ni buluu iliyofifia, kwa sababu hewa iliyo kati yako na kilima hutawanya mwanga wa buluu kuliko wa nyekundu. Kwa hiyo kilima cha nyuma kipe nyeupe nyingi, buluu kidogo na tone la nyekundu. Kinachofuata, punguza nyeupe, tia njano. Cha mbele tu ndicho kipate kijani kilichoiva: altramarini (buluu iliyokolea) na njano, halafu nyekundu ya kuchovya ncha ya kijiti. Hiyo nyekundu ndiyo inayoondoa ukali wa kijani. Ikizidi, utapata rangi ya tope. Usiimwage, itakufaa kwa mashina.

Miti usiichore jani kwa jani. Finya macho mpaka ubaki unaona mafungu ya giza na mwanga tu. Paka giza kwanza, kisha upande wa jua gongagonga kwa brashi uliyoifuta kwenye kitambaa. Acha vitundu vya kupitisha mbingu, la sivyo utachora koliflawa. Mgrivea uchanganyie kijivu kidogo, kwani majani yake kwa chini yana rangi ya fedha. Mkaratusi ni shina refu jeupe, majani yako juu.

Na mti hauinami kufuata mteremko! Ardhi inalala, shina linasimama wima. Kinachofuata ardhi ni kivuli: kikiangukia upande wa bonde hurefuka, kikielekea juu ya mlima hufupika. Kipake kwa kijani chako cha giza ulichokiongezea buluu. Nyeusi iache kwenye boksi.